Mnara wa Shangwe ya Kudumu

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu kila nikilitaja nchi zote jirani hununa zikidhani nazisema zenyewe. Ni nchi nzuri tu, yenye milima, ziwa, na Mheshimiwa Sana.

Huyu Mheshimiwa Sana alikuwa hapiti barabarani kimya. Akienda kufungua kisima, vigelegele. Akienda kukifungua tena kisima kile kile, vigelegele. Kazi hiyo ilikuwa ya kina mama wa mtaa wa Mikoroshini, kwa kuwa mtaa wao ulipakana na kipilefti kikubwa, pale ambapo barabara ya ikulu inakutana na barabara ya makaburini. Waliouchora mji ule walikuwa watu wa kuona mbali.

Siku moja kina mama wakawekwa juani tangu alfajiri. Msafara haukuja. Ikaja mvua. Wakatazamana, wakakumbuka nguo walizoanika, wakaondoka. Ndipo msafara ukapita, na barabara nzima ikawa kimya, ila mbwa mmoja. Mheshimiwa Sana akashusha kioo, akatega sikio, akamuuliza dereva:

"Nani amekufa?"

Swali hilo lilifikishwa kwenye baraza la mawaziri kama lilivyo. Waziri wa Shangwe na Mapokezi, Mheshimiwa Profesa Nikodemo Lyambuzi, alilia mbele ya wenzake, akaomba fimbo achapwe, na wenzake wakamwonea huruma, wakamwongezea bajeti.

"Ndugu wananchi," alisema redioni akiwa amepona, "furaha ya taifa haiwezi kuendelea kutegemea hali ya hewa. Serikali yenu sikivu imeamua kuifanya iwe ya kisasa, ya kudumu, na ya shaba."

*

Aliyekabidhiwa kazi ni msanii Tegemea, kijana aliyesoma ng'ambo mpaka akarudi anakula ugali kwa uma. Akachora wanawake wa shaba, warefu kuliko nguzo za umeme, mikono juu, vinywa wazi. Ndani ya koo zao zikae spika. Miguuni pao ziwake taa za kijani, za dhahabu na za waridi, zenye kucheza kwa mapigo ya sauti. "Ni kazi inayounganisha uchongaji, sauti na nuru," alieleza, na kamati ikaitikia kwa vichwa, huku kila mjumbe akijiuliza kama na chai itaunganishwa humo. Sura za wale wanawake zilipokamilika zote zilikuwa na mashavu ya mke wa Waziri. Hilo lilitokea lenyewe tu.

Kikabaki kitendawili: mnara utajuaje kwamba anayepita ni Mheshimiwa Sana? Tegemea akakaa kando ya barabara, akatazama, akaja na jibu la kitaalamu. Katika nchi ile hakuna mtu anayewasha taa za gari mchana kweupe, ila msafara wa Mheshimiwa Sana. Basi mnara ukafungwa jicho la umeme, likafundishwa: ukiona magari yamefuatana, yamewasha taa na jua linawaka, piga vigelegele.

Kamati yote ikasimama kupiga makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba kuna wengine wanaofuatana mchana wamewasha taa. Na mimi siwalaumu. Wakubwa hawaendi makaburini kwenye foleni. Wao hupita njia yao, wakatangulia kufika, wakakaa kwenye hema lenye viti vya kitambaa.

*

Ilitakiwa sauti, na kwa sauti hapakuwa na mjadala. Mji mzima ulimjua Sikudhani wa Mikoroshini, mjane mwenye kibanda cha vitumbua. Kigelegele chake kilianza chini, kikapanda, kikapanda tena watu wakidhani kimefika, halafu mwishoni kikakatika ghafla, tap, kama uzi uliokatwa kwa meno. Mtu akikisikia kutoka mtaa wa tatu alisema: huyo Sikudhani, na huko kuna jambo.

Akapelekwa studio, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukuta mzima. Akavalishwa vitu masikioni. Akafungua kinywa, kikatoka kitu cha kuku aliyekanyagwa.

"Mama, fikiria jambo la furaha," akasema Tegemea.

"Kama lipi, mwanangu?"

"Kama Mheshimiwa Sana."

Sikudhani akamfikiria Mheshimiwa Sana kwa moyo mmoja. Ikatoka kwikwi.

Basi akafumba macho, akamfikiria shoga yake wa chanda na pete, Mama Shukuru. Kabla hajaitwa Mama Shukuru aliitwa majina mengine. Miaka na miaka bila mtoto. Mawifi wakimwita mti mkavu mbele ya wageni. Mwenyewe akija kulia jikoni kwa Sikudhani, kisha akinawa uso na kurudi kwake kupika. Hadi siku ile mkunga alipofungua mlango akasema, "Dume, na linalia." Sikudhani alikuwa anakanda unga. Alitoka mbio na mikono yake ya unga, akasimama katikati ya mtaa, mbele ya nyumba ya mawifi hasa, akakitoa. Siku hiyo aliwatolea hata wale waliokuwa hawataki kusikia.

Hicho ndicho kilichotoka studio. Tegemea akajishika mikono, vinyweleo vimemsimama. "Basi, mama," akasema. "Hicho hicho. Usirudie."

Kwa kazi hiyo Sikudhani alipewa beji ya dhahabu isiyo dhahabu, iliyoandikwa Sauti ya Taifa, na kiti cha safu ya mbele kwenye sherehe zote. Na jamani tusidanganyane, alikipenda kile kiti. Mtu aliyekaa kwenye kigoda cha vitumbua maisha yake yote, leo anakaa jirani na mke wa balozi, utamlaumu? Shukuru mwenyewe, ambaye sasa alikuwa kijana mkubwa na fundi cherehani, ndiye aliyemshonea gauni la uzinduzi. Akakataa kulipwa. "Mama mkubwa," akamwambia, "wewe ndiye uliyenitangaza duniani. Nikudai nini?"

Siku ya uzinduzi mtangazaji wa redio akamwekea Sikudhani kipaza sauti mdomoni. "Sauti ya Taifa, wakati unarekodi ulikuwa unamfikiria nani?"

Waziri alikuwa amesimama pale pale, anatabasamu kwa meno yote.

"Mheshimiwa Sana," akasema Sikudhani.

Kisha msafara ukapita, mnara ukawaka, wanawake wa shaba wakapiga vigelegele mpaka madirisha ya benki yakatetemeka. Watu wakashangilia. Mama Shukuru peke yake alikuwa ametulia, kichwa upande, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Akamvuta Sikudhani mkono.

"Shoga, hiki mbona nakifahamu?"

"Kigelegele ni kigelegele, shoga," akajibu Sikudhani, akijirekebisha beji.

*

Wa kwanza kupigiwa alikuwa mzee mmoja seremala, mtu mpole aliyekaa maisha yake bila kushangiliwa hata siku moja. Jeneza lilikuwa kwenye pikapu, magari ya jamaa nyuma yake, taa zimewashwa kama desturi. Jicho likaona. Mnara ukapokea. Taa za waridi zikacheza juu ya jeneza, vigelegele vikamwagika, na mjane akapiga ukelele akaanguka. Watu wa pembeni hawakujua watazame wapi. Wengine, Mungu awasamehe, walicheka kwanza.

Malalamiko yalipofika Wizarani, kamati ilikaa siku nzima na kutoa ufafanuzi. Kwamba serikali inawapongeza wafiwa kwa bahati ya kushiriki heshima ambayo kwa kawaida ni ya mtu mmoja tu. Kwamba mnara hauwezi kuzimwa, kwani kuizima shangwe ya kudumu ni kusema ilikuwa na mwisho. Watu wakaanza kuzika taa zikiwa zimezimwa. Serikali ikaliona hilo pia, maana haikosi kitu cha namna hiyo. Ikatungwa sheria: msafara wowote usiowasha taa ni msafara wenye jambo la kuficha. Trafiki wakapangwa kipilefti kuhakikisha kila marehemu anawaka ipasavyo. Njia ya uchochoroni nayo ikafungwa kwa seng'enge, kulinda nyaya za mnara.

Mikoroshini wakabadilika. Hakuna aliyemtukana Sikudhani, afadhali wangemtukana. Ila akifika msibani watu walisogea kumpa nafasi kubwa mno ya kukaa. Wateja wakanunua vitumbua bila kukaa kuzungumza.

"Mimi nilitoa sauti tu," alikuwa akimwambia kila anayesimama. "Jicho si langu."

"Hatujasema ni lako, Bi Sikudhani," walimjibu kwa adabu, wakaondoka.

Mama Shukuru pekee ndiye aliyeendelea kuja kukaa kibandani, na la mnara hakuligusa. Sikudhani alimshukuru kimoyomoyo, na kila alipomshukuru aliona uso unamchoma.

*

Halafu Shukuru akashikwa na homa.

Aliingia zahanati kwa miguu yake, akimtania nesi kuhusu pindo la sare yake. Nesi alimtafuta mshipa kwa tochi ya simu, kwa kuwa umeme wa Mikoroshini yote ulikuwa kwenye mgao, na mnara haukuwa kwenye mgao. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba friji ya dawa ilikuwa inavuja maji, na wanawake wa shaba walikuwa wanawaka. Wiki ilipoisha, Shukuru hakuwepo.

Sikudhani alilia na shoga yake, wakakamatana kama watoto. Katikati ya kilio likamjia wazo moja, machozi yakakauka hapo hapo: kesho watapita kipilefti.

Akatoka msibani bila kuaga. Akavaa beji, kwani bila beji mlinzi wa Wizara hamfungulii mtu geti, akapelekwa kwa Waziri mwenyewe. Akapiga magoti kwenye zulia.

"Mheshimiwa, mtoto wa shoga yangu amefariki. Mtoto mmoja tu aliyekuwa naye. Naomba kesho mnara unyamaze kidogo. Wapite tu, basi."

Profesa Lyambuzi akavua miwani, akaonekana ameguswa kweli. "Pole sana, mama. Pole. Lakini ukimya unaombewa kibali. Na kibali cha ukimya anatoa Mheshimiwa Sana peke yake. Sasa nani atakwenda kumwomba ukimya? Wewe unakumbuka ule wa kwanza ulivyotutesa?"

"Basi wapite wamezima taa."

"Wavunje sheria? Na wewe ndiye Sauti ya Taifa!" Akafikiri, uso ukamng'aa. "Nitakusaidia kwa namna yangu. Kwa kuwa marehemu ni mtu wako, nitaagiza sauti iongezwe. Na taa zote, pamoja na zile za sikukuu. Hakuna raia aliyewahi kufanyiwa hivyo."

"Mheshimiwa, hapana, nakuomba..."

"Usinishukuru, mama," akasema Waziri. "Ni wajibu wetu."

*

Usitake kujua jinsi Sikudhani alivyorudi msibani. Alikuwa na nafasi ya kumwambia shoga yake. Alikuwa na asubuhi nzima, wakikunja mikeka, wakichemsha chai ya waombolezaji. Kila akifungua kinywa aliona aibu, akaulizia sukari.

Jeneza likapakiwa. Mama Shukuru akapandishwa kwenye lori la nyuma yake pamoja na kina mama, na Sikudhani akakaa ubavuni pake, amemshika bega. Walipokaribia kipilefti trafiki akawakagua, akamwonyesha dereva taa moja hafifu, akaigonga kwa ngumi mpaka ikawaka vizuri. Akapiga saluti. "Piteni salama, wafiwa."

Sikudhani akafumba macho.

Kikaanza chini, kikapanda. Kikapanda tena. Taa za dhahabu zikatembea juu ya jeneza, juu ya nyuso, juu ya kanga za kilio. Kina mama wote waliomo lorini wakamgeukia Sikudhani, si kwa hasira, wakamtazama tu. Kigelegele kikafika juu kabisa, kikakatika, tap. Kisha kikaanza upya.

Mama Shukuru akainua kichwa alichokuwa amekilaza tangu nyumbani.

"Sikudhani."

"Abee, shoga."

"Nani amezaliwa?"

 Sikudhani akainama mpaka paji la uso likagusa mbao za lori, akabaki hivyo mpaka makaburini, na mkono wake ulioko begani kwa shoga yake hakujua aubakishe au autoe.

Jioni redio ikatangaza kuwa kijana mmoja fundi cherehani amesindikizwa kwa shangwe isiyo na mfano.

*

Baada ya arobaini, Sikudhani akaamka na moyo ambao angekuwa nao mapema ungemfaa zaidi. Akaenda Wizarani, akaivua beji, akaiweka mezani kwa Waziri.

"Itoeni sauti yangu mle. Mkinikatalia nitapanda nikakate nyaya kwa meno."

Alijiandaa kukamatwa. Waziri akatabasamu. "Umekuja wakati mzuri, mama. Mpwa wa mke wa Mheshimiwa Sana ameanza kujifunza kuimba. Tulikuwa hatujui tukueleze vipi. Kesho tunakitoa chako, tunaweka chake."

Sikudhani alitoka pale anakimbia, mwanamke mzima, kanga inamvuka. Alimkuta Mama Shukuru wapi? Pale pale kipilefti. Amekaa kwenye jamvi chini ya wanawake wa shaba, na mfuko wa njugu pembeni ambazo alikuwa hauzi wala hali. Wizara ilikuwa imeshampiga picha na kumbandika kwenye kalenda: Mwananchi Mpenda Shangwe.

"Shoga," akasema Sikudhani akihema, "wanakitoa. Kesho hakipo. Nimekwenda mwenyewe."

Mama Shukuru akageuka, mfuko wa njugu ukamwagika. "Nani alikutuma?"

"Si... nimeona aibu, shoga. Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Ili wewe ulale." Akakusanya njugu zilizomwagika, moja moja. "Nina picha yake moja, ya kitambulisho, amekunja uso. Nguo zake nimegawa. Cherehani wamechukua baba zake wadogo. Siku aliyozaliwa nilikuwa nimelala ndani, sina nguvu hata ya kumtazama, nikakusikia wewe nje. Ndipo nikaamini nimezaa. Wewe ulisema ni cha Mheshimiwa Sana. Sawa. Mimi nakaa hapa, kila yakipita magari, mwanangu anazaliwa. Sasa unataka uninyang'anye na hicho?"

Sikudhani akakaa chini. Alitaka kusema nisamehe. Lakini aliona ni neno la kumfaa yeye, si la kumfaa mwenzake.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Unawajua wewe. Nenda kawaombe."

Akaenda. Jioni hiyo hiyo akapiga magoti tena kwenye lile zulia. Waziri alikuwa mgumu, maana mpwa alishapewa mwaliko. Lakini siasa ni akili, akapata njia. Mpwa apewe mnara wake mwingine, mbele ya hospitali. Na Sikudhani aende redioni, aseme kwamba wananchi wamelia wakitaka sauti ile ibaki, na aseme tena, kwa kinywa chake, nani alikuwa akimfikiria.

Akaenda redioni. Mikoroshini nzima ilimsikia, kwenye vibanda, kwa vinyozi, kwenye nyumba zilizokwisha kuzika na kupigiwa.

"Mheshimiwa Sana," akasema Sikudhani, na sauti haikutetemeka. Mtu mmoja akaitemea mate redio yake. Mama Shukuru alikuwa jamvini, hakuwa na redio.

Tangu hapo ukipita kipilefti mchana utawakuta wawili, mmoja kwenye jamvi, mwingine pembeni kidogo na karai la vitumbua ambavyo watu wa Mikoroshini hawavinunui. Hawazungumzi sana. Mmoja akisikia njaa, mwingine humpa.

Jana magari yalitokea upande wa mjini, yamefuatana, yamewasha taa. Kwa mbali huwezi kujua ni ya nani; yote yanakuja na mwanga ule ule. Waliokuwa wakivuka barabara wakasimama, wakamtazama Sikudhani, wengine wakasonya waziwazi. Jicho likaona. Kikaanza chini, kikapanda.

Mama Shukuru akafumba macho, midomo inamcheza kama anayetaka kucheka. Sikudhani akajifunika kanga uso mzima, akasubiri kiishe.